Jinsi ya Kufunga Simu Isiyokatika Kondele: Mwongozo kwa Wasio na Habari

Karibu Kondele, Kisumu. Umeitwa na daktari mwenye kliniki ya ghorofa ya pili, kando ya barabara ya Kakamega, mahali ambapo ukifungua dirisha unaingiza kelele za makanga na moshi wa mahindi ya kuchoma kwa pamoja. Anataka mtambo wa kuelekeza simu. Mgonjwa atapiga nambari moja, sauti ya mwanamke imwambie abonyeze moja kwa Kiswahili, mbili kwa Dholuo, tatu kama ni dharura, kisha simu iruke yenyewe hadi mapokezi, maabara, kwa muuguzi wa zamu au kwa dereva wa ambulensi. Daktari ana sharti moja tu: "Fundi, simu isikatike. Hata siku moja."

Nawe umeitikia kwa kichwa. Mwongozo huu ni wa watu kama wewe.

Waliokutangulia walikuwa waoga zaidi. Mwaka 1965, kampuni ya Bell ilipowasha mtambo wake mkubwa wa simu unaoendeshwa kwa kompyuta huko Succasunna, New Jersey, wahandisi walijiwekea lengo la kutozimika zaidi ya saa mbili katika miaka 40. Kila kompyuta ilipewa pacha, na mapacha hao walifanya kazi ileile huku wakilinganisha majibu ili anayekosea agunduliwe papo hapo. Maabara ile ilikuwa imejaa wanasayansi, fedha za kampuni tajiri kuliko nchi kadhaa zilikuwa nyuma yao, na bado waliomba saa mbili. Wewe umeahidi sifuri, na nauli ya kurudi Nyamasaria umekopa.

Nunua viwili, kisha uache kufikiri

Kanuni kuu ni hiyo. Seva mbili, ruta mbili, kila kitu mara mbili. Muuzaji atakuletea karatasi yenye hesabu ya kupendeza. Seva moja, atasema, huwa nzima asilimia 99 ya wakati, maana yake inakuangusha siku tatu na nusu hivi kwa mwaka. Weka mbili: uwezekano wa zote kulala kwa wakati mmoja ni moja kwa mia, mara moja kwa mia, yaani moja kwa elfu kumi. Zile siku tatu na nusu zimegeuka dakika 53. Ongeza ya tatu, unabaki na nusu dakika. Kwa bei ya ng'ombe wachache umenunua umilele.

Hesabu hiyo haina kosa. Ina sharti ambalo halikuandikwa popote kwenye karatasi: kwamba seva hizo hazijuani. Hazilali nyumba moja, hazinywi stima moja, hazisemi kupitia waya mmoja, na hazikuwekewa programu moja na kijana mmoja alasiri moja. Sasa ziangalie zako. Ziko ndani ya kabati moja chini ya meza ya mapokezi, jirani na ndoo ya kupigia deki. Nyaya zake zinaingia kwenye ekstensheni moja, na ekstensheni inaingia kwenye soketi moja, ambayo pia inachaji simu ya mhudumu na kuchemsha maji ya chai saa nne. Ni sawa na kuajiri walinzi wawili wa usiku, kisha ukawapa kibanda kimoja na blanketi moja. Baridi ikizidi, hutapata hata mmoja aliye macho.

Ipo hesabu nyingine ambayo muuzaji hataitoa mkobani. Simu ya mgonjwa inapita kwenye mnara wa kampuni ya simu, kwenye waya unaoleta laini hadi kliniki, kwenye ruta, kwenye swichi, ndipo ifike kwenye seva. Kila kiungo kikiwa kizima asilimia 99 ya wakati, mnyororo wa viungo vitano ni mzima asilimia 95 tu, na kliniki inakaa bila simu kama siku 18 kwa mwaka. Wewe umeweka pacha kwenye kiungo cha bei ghali chenye taa nyingi. Ile swichi ndogo ya plastiki iliyo katikati, ambayo kila waya lazima uipitie, haina mwenzake kwa sababu bei yake ilikuwa ndogo mno hata haikuonekana. Iache hivyo hivyo. Ukiiwekea mwenzake utaharibu mshangao.

Kuhusu stima

Kondele stima haipotei tu, pia huyumba. Chini ya kliniki kuna vijana wanaochomelea mageti na vitanda vya chuma. Kila wanapogusa chuma, taa za ghorofani hufifia na UPS, ile betri ya akiba ya seva, hulia tek. Wakiinua mkono, hutulia. Siku nzima ni tek, tek, tek, na kila mlio ni betri inayoonjeshwa kazi. Baada ya mwaka mmoja au miwili ya kuonjeshwa, betri iliyoandikwa dakika 20 inatoa dakika tatu. Hakuna anayejua, kwa sababu taa ya mbele ni ya kijani. Mwongozo huu unapendekeza uiamini taa.

Jenereta iko uani, ndani ya kizimba cha mabati chenye kufuli. Iwashe kila mwisho wa mwezi ili daktari asikie mngurumo na alipe kwa moyo mweupe, lakini usithubutu kuibebesha mzigo. Inaponguruma bila mzigo huwa haina kasoro kabisa. Wala usipime dizeli. Dizeli ya akiba ina tabia ya kutembea usiku, na kuipima kutaleta maneno kati yako na soja.

Usijione mnyonge kwa hili. Usiku wa Ijumaa, tarehe 25 Agosti 2023, stima ilipopotea karibu nchi nzima, sehemu za uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta wenyewe zilikaa gizani kwa sababu jenereta iliyotakiwa kushika zamu ilikataa kuwaka. Waziri wa uchukuzi akaomba radhi, na mkuu wa mamlaka ya viwanja vya ndege akapoteza kazi.

Na kama bado unadhani mtambo mkubwa huwa salama kwa sababu ya ukubwa wake, mkumbuke tumbili wa Gitaru. Tarehe 7 Juni 2016 alipanda juu ya paa la kituo cha umeme cha Gitaru, kule Mto Tana, akaanguka juu ya transfoma. Transfoma ikajizima. Mashine nyingine za kituo hicho zikabebeshwa mzigo, zikazidiwa, nazo zikajizima. Zaidi ya megawati 180 zikatoweka na nchi nzima ikakosa stima kwa saa kadhaa. Tumbili alinusurika, akachukuliwa na Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, na nchi ikacheka wiki nzima. Lakini rudi usome katikati ya kisa, pale ambapo hakuna aliyecheka. Zile mashine nyingine hazikuwa na ugonjwa wowote. Ziliangushwa na kazi ya mwenzao.

Kliniki yako ina tumbili wake. Umefunga laini kumi, tano kwa kila seva, ukajivunia kwamba kazi imegawanywa sawa kwa sawa. Agner Krarup Erlang, Mdenmark aliyekuwa akifanyia kazi kampuni ya simu ya Copenhagen zaidi ya miaka mia iliyopita, alituachia kanuni ya kupima jambo hili. Tuseme kliniki ina wastani wa simu tano zinazoendelea kwa wakati mmoja. Laini zikiwa kumi, hata watu wawili kwa kila mia hawatakuta zimejaa. Seva moja ikifa zikabaki laini tano, wanaorudishwa ni zaidi ya 28 kwa kila mia. Umepoteza nusu ya laini, ila waliokosa wameongezeka mara kumi na tano. Na hapo kanuni inakuhurumia, maana inachukulia kwamba aliyekosa ameenda zake. Erlang hakuishi Kondele. Mama mwenye mtoto wa homa hapigi mara moja akakaa. Anapiga, anapiga, anampa jirani naye apige. Pacha ambaye hawezi kubeba mzigo wote peke yake si pacha, ni nusu ya mtambo uliyoilipia bei ya mzima.

Kuhusu fiba

Chukua intaneti kutoka kampuni mbili. Utapata nembo mbili, ankara mbili kila mwezi na usingizi mzito. Cha kukwepa ni kutoka nje na kuinua macho, kwa maana utaona fiba zote mbili zikitoka kwenye dirisha lilelile, zikafungwa kwenye nguzo ileile, zikaelekea mjini bega kwa bega. Wakati mwingine kampuni ya pili huwa imekodi njia kwa ile ya kwanza na hata nguzo hazihitajiki kuulizwa. Kenya Power yenyewe hukodisha fiba zilizo kwenye njia zake za umeme mkubwa, kwa hiyo stima yako na intaneti yako huenda zinaning'inia kwenye mnara mmoja huko nyikani, zikingoja upepo mmoja.

Au tingatinga moja. Mkandarasi wa barabara hana chuki na wewe. Anachimba tu.

Wajanja watakwambia uachane na kabati la chini ya meza na uweke mtambo wako kwenye seva za kukodi Ulaya. Ni wazo la heshima. Mgonjwa wa Manyatta akipiga simu kliniki ya Kondele, umbali wa kutembea kwa miguu, sauti yake itasafiri hadi Mombasa, izame baharini, ipite Bahari ya Shamu, isalimie Frankfurt kisha irudi. Usicheke, seva za M-Pesa zenyewe zilikaa Ujerumani kwa miaka hadi zilipohamishiwa Kenya mwaka 2015. Tatizo ni nanga. Februari 2012 nyaya tatu zilikatika katika Bahari ya Shamu, mzigo ukahamia TEAMS, ule waya unaotua Mombasa. Siku chache baadaye meli iliyokuwa ikisubiri kuingia bandarini ikashusha nanga mahali palipokatazwa, nao TEAMS ukakatika. Mei 2024 zilikatika mbili kwa mkupuo, EASSy na Seacom, upande wa Afrika Kusini. Kwenye ramani ya muuzaji nyaya za baharini zina rangi tofauti, na rangi hupendeza. Chini ya maji nyingi hupita njia moja, kwa sababu bahari ina milango michache.

Usisahau king'ora. Mtambo bora hukutumia ujumbe mara tu unapokatika. Hakikisha ujumbe huo unapitia intaneti ileile iliyokatika. Utaupokea, pamoja na wenzake wote, dakika moja baada ya mambo kutengenea.

Nani mkuu?

Seva mbili zinahitaji kuafikiana nani anashika simu. Dawa yake ni kuulizana kila sekunde: upo? Nipo. Upo? Nipo. Mmoja akinyamaza kwa sekunde kadhaa, mwenzake anajitangaza mkuu, anachukua anwani ya mtambo na kuanza kupokea. Ni mpango mzuri ambao unaweza kuuharibu kwa gharama ya mita tatu za waya: pitisha maulizano hayo kwenye waya mmoja tu, ule unaopita chini ya kapeti, na umwachie mama wa usafi afanye yaliyobaki.

Waya ukichomoka, seva zote mbili ni nzima. Kila moja inaita, haijibiwi, inahitimisha kwamba mwenzake amefariki, inachukua anwani. Sasa una wakuu wawili. Kisumu hatuhitaji semina juu ya watu wawili kuapishwa kwa kiti kimoja, kwa hiyo nitakuwa mfupi: nusu ya simu zinaenda kwa huyu, nusu kwa yule. Mgonjwa aliyebonyeza tatu anaingia foleni ya seva isiyo na mhudumu hata mmoja, anasikiliza muziki wa kumbembeleza, na kwenye kila kioo cha kompyuta hali ni shwari. Waya ukirudishwa, kumbukumbu za siku ni mbili na hazilingani.

Wenye subira huweka wa tatu. Haihitaji kuwa mashine kubwa wala kushika simu hata moja. Kompyuta ndogo ya ukubwa wa kiganja inatosha, ikae kwingine, kwenye stima nyingine, kazi yake iwe kupiga kura. Anayekosa kura mbili kati ya tatu anajizima mwenyewe bila kuambiwa. Wateja wengi hukataa kuilipia kwa sababu haifanyi kitu.

Siku ya kuhama

Tuseme yote yamekwenda sawa. Seva ya kwanza imekufa kifo cha heshima, ya pili imesimama ndani ya sekunde tatu, na wewe umeanza kuandika barua ya kuomba kazi Nairobi. Piga simu basi. Inaita, inapokelewa na ile sauti ya mwanamke, unabonyeza moja, na sauti inakuambia kwa upole kwamba wahudumu wote hawapatikani. Wahudumu wako mbele yako, wawili, wanakutazama.

Kilichotokea ni hiki. Simu za mezani hujitambulisha kwa seva: mimi ni mapokezi, niko hapa. Kwa mazoea ya mitambo mingi, hurudia salamu hiyo mara moja kwa saa. Zilimsalimia marehemu. Seva mpya haijawahi kusikia habari zao, na huenda ikakaa karibu saa nzima ikipokea wagonjwa isijue iwapeleke wapi. Ukiipunguza saa iwe dakika moja, umetibu hilo. Umezaa jingine pia: katika kliniki hasara ni ndogo, lakini mwenye simu elfu kadhaa zinazosalimia zote kwa pigo moja stima inaporudi, ataona seva mpya ikifa kwa salamu. Ndiyo maana waliokwisha kuchomeka huziagiza zisubiri muda usiolingana kabla ya kubisha hodi, hii sekunde mbili, ile kumi na moja.

Kampuni ya simu nayo inaitambua kliniki kwa anwani ya fiba ya kwanza. Ukihamia fiba ya pili unakuja na anwani ngeni, na unakataliwa mlangoni kama mwizi. Kuongeza anwani ya pili kwenye orodha yao ni kazi ya barua pepe moja, iliyopaswa kuandikwa kabla. Sasa utaipigia huduma kwa wateja. Kwa Kiswahili, bonyeza moja.

Na data? Seva mbili zinazonakiliana kila sekunde ni za uaminifu wa kutisha. Mhudumu akifuta foleni ya maabara kwa bahati mbaya huku, kule inafutwa kabla hajainua kidole. Kunakili si kuhifadhi. Kinachookoa siku ni nakala ya jana usiku, iliyolala kwenye flashi nyumbani kwa daktari, Milimani, mahali ambapo kosa la leo halijafika.

Lakini fundisho zito kuliko yote katika kazi hii lilitolewa na matajiri. Tarehe 15 Januari 1990, mchana, swichi moja ya AT&T mjini New York ilihisi hitilafu ndogo, ikajizima ili ijitengeneze, kama ilivyofundishwa, na baada ya sekunde chache ikarudi kazini. Iliporudi ikaanza kuwatumia jirani zake simu. Jirani mmoja akaanza kuandika kwenye daftari lake kwamba fulani amepona. Kabla hajamaliza mstari, ujumbe wa pili ukaingia, na amri moja iliyokaa pasipo pake katika programu yake ikavuruga kumbukumbu. Akajizima ili ajitengeneze. Akapona. Akawatumia jirani zake. Swichi 114, zote zikiwa na programu ileile iliyoboreshwa wiki chache kabla, ziliangushana hivyo kwa muda wa saa tisa, na karibu nusu ya simu za mbali zilizojaribu kupitia AT&T hazikufika. Kila swichi ilikuwa na mwenzake, na wenzao hawakusaidia kitu, kwa sababu walikuwa na kosa lilelile kwenye mstari uleule. Habari iliyoeneza ugonjwa ilikuwa habari ya kupona. Wahandisi walipunguza wingi wa ujumbe kati ya swichi ndipo zikapata nafasi ya kupumua.

Kwa hiyo, ewe uliyefika Kondele, boresha seva zako zote mbili usiku mmoja, Ijumaa, kisha uzime simu yako. Wako wanaofanya moja, wakasubiri wiki, ndipo wakafanya ya pili, lakini hao hawana haraka ya maisha. Na wako wahandisi wa Ericsson ya Sweden, Joe Armstrong na wenzake, ambao kuanzia 1986 walitengeneza lugha ya programu kwa ajili ya mitambo ya simu, wakaipa jina la Erlang. Humo kila simu inaendeshwa peke yake kama kiumbe huru. Ikiharibika inaachwa ife, na msimamizi wake anaanzisha nyingine, bila simu ya jirani kujua kuna msiba. Walichukua kuharibika kuwa jambo la kila siku. Sijui kwa nini wazo hilo halikuzaliwa kwetu.

Watu

Kabati la seva lina ufunguo mmoja na uko kwa mhasibu, ambaye Jumamosi husali Sabato. Nywila anaijua kijana mmoja, mpole sana, aliyepata kazi Doha mwezi uliopita. Yote haya yanavumilika hadi Kondele ichukue moja ya siku zake, barabara ifungwe kwa mawe na matairi, moshi wa vitoza machozi upande hadi ghorofa ya pili, nawe uwe upande wa pili wa mji ukiambiwa na bodaboda kwamba hata kwa elfu moja haendi huko. Siku hiyo ndiyo kliniki inapigiwa simu kuliko siku zote. Hospitali ya Jaramogi, ile ambayo wazee bado wanaiita Russia, haiko mbali, lakini nayo siku hiyo ina wageni wake.

Nywila iandikwe kwenye karatasi, iwekwe kwenye bahasha, ifungiwe kwenye kabati la dawa kali, ambalo muuguzi wa zamu hafanyi nalo mzaha. Sijaona njia ya kisasa zaidi inayofanya kazi vizuri kuliko hiyo.

Kitu ambacho hakimo kwenye karatasi ya muuzaji

Jumatatu ya tarehe 24 Aprili 2017 mtandao wa Safaricom ulizimika nchini kwa saa kadhaa: simu, data, M-Pesa, vyote. Wenye laini mbili walijipongeza kwa busara yao, hadi walipojaribu kumpigia mtu. Laini ya pili upande wako haimsaidii aliye na moja upande wake, na mgonjwa ndiye anayepiga.

Ndiyo maana, baada ya kuuza seva, swichi na yule mpiga kura mdogo, mshauri daktari amwite mchoraji wa mabango apake nambari ya pili kwenye ukuta, ya kampuni nyingine, kwa herufi kubwa kama za kwanza. Nambari hiyo isipite kwenye mtambo wako hata kidogo. Iingie moja kwa moja kwenye simu ya mulika mwizi iliyotundikwa msumarini mapokezi, ile ambayo ukiichaji Jumatatu inafika Ijumaa. Kisha iombe kampuni inayoleta laini kuu kwamba kliniki isipopatikana, simu zielekezwe kwenye mulika mwizi hiyo. Kazi hiyo inafanyika kwenye mitambo yao, kwa hiyo haijali kama kabati lako limeungua. Angalia tu kwamba hakuna aliyeiwekea mulika mwizi yenyewe agizo la kurudisha simu kwenye nambari kuu isipopokelewa. Utakuwa umejenga mzunguko, na mgonjwa atazungushwa humo kama basi lisilo na kituo.

Haina faida kwako, haina taa ya kijani, na daktari ataitazama kwa dharau. Atauliza mbona amelipa pesa zote hizo kisha anapewa simu ya bibi.

Jaribio

Limebaki moja. Mwambie daktari kwamba kabla hujachukua salio lako mtachomoa waya mmoja, mtazame kama simu inapita.

"Waya upi?"

"Wowote, daktari. Chagua wewe."

"Sasa fundi, kwa nini uchomoe kitu kinachofanya kazi?"

Mweleze. Atakubali, maana ni msomi, ila si saa za kazi, wagonjwa wanapiga. Usiku pia hapana, ndipo dharura zinapokuja. Jumapili kuna kliniki ya wajawazito. Siku ya soko haifai, mwisho wa mwezi watu wa bima wanapiga, na Krismasi iko karibu. Atakuna kidevu, atazame mawingu yanayopanda kutoka ziwani, katika bonde lenye ngurumo nyingi kuliko sehemu nyingi za dunia, juu ya paa la mabati ambalo halina waya hata mmoja wa kuzamisha radi ardhini. Halafu atakuuliza, kwa heshima zote, kama jaribio hilo haliwezi kufanyika bila kuzima chochote.

Mwambie linawezekana, na uondoke kabla ya saa kumi, mvua haijaanza.